MBATIAN, MTU ALIYEOGOPWA BILA KUSHIKA MKUKI

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tumesikia habari za Waviking, wale watu wa Ulaya Kaskazini waliovuka bahari kwa mashua ndefu wakipora Uingereza tangu mwaka wa 793. Kumbe hata hapa Bonde la Ufa palikuwa na mashujaa walioogopwa vivyo hivyo! Tofauti ni kwamba Wamasai walikwenda kwa miguu, na walichotafuta ni ng'ombe. Mwaka wa 1857 walifika hadi karibu na Mombasa.

Aliyevuma zaidi kati yao ni laiboni Mbatian, mwana wa Supeet, wa ukoo wa Inkidongi. Alimrithi babake katika miaka ya 1860. Msidhani alikuwa mfalme, la! Wamasai hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na marika. Mbatian hata vitani hakwenda. Lakini kabla ya morani kuvamia, ilibidi wamwendee. Alitikisa kibuyu chenye mawe, akayamwaga na kuyahesabu, kisha akawaambia waende lini na wapi. Wakirudi na ng'ombe, yeye naye alipata fungu lake.

Katika miaka ya 1870 Wamasai walipigana wao kwa wao. Wapurko na wenzao, wakiwa na baraka za Mbatian, waliwashinda Walaikipiak kabisa. Wazee husimulia kwamba wapiganaji wengi wa Laikipiak walisukumwa wakatumbukia katika shimo la Menengai, hapa juu ya mji wetu, na kwamba ule mvuke tunaouona ni roho zao. Mwalimu wa Jiografia atakwambia ni volkano tu. Hata hivyo, hadithi hiyo yaonyesha uchungu wa vita vile.

Baada ya ushindi kukaja maafa. Ng'ombe waliugua mapafu, halafu sotoka ikawafagia, na ndui ikaua watu. Mbatian alifariki yapata mwaka wa 1890, na inasemekana alikuwa ametabiri balaa hizo pamoja na kuja kwa wazungu.

Sasa ikabaki nani atamrithi. Yasimuliwa kwamba alimwambia mwanawe mkubwa, Senteu, aje asubuhi apewe vifaa vya ulaiboni. Mdogo, Lenana, akasikia. Akadamka kungali giza, na mzee, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akampa yeye. Ni kama ile ya Yakobo na Esau! Basi ndugu hao wakapigana miaka kadhaa. Lenana akajiunga na Waingereza, na mwaka wa 1902 Senteu akasalimu amri.

Je, nani alifaidika? Mwaka wa 1904 Lenana na wenzake walitia alama kwenye mkataba, na Wamasai wakaondolewa Naivasha na Nakuru wakapelekwa Laikipia. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa hata huko. Nchi ambayo hakuna jirani aliyeweza kuitwaa kwa mkuki ilichukuliwa kwa karatasi, na walowezi wakagawana mashamba.

Leo kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, mita 5,199, chaitwa Batian kwa heshima yake. Cha tatu kinaitwa Lenana. Hata Senteu ana kilele chake huko. Kweli wahenga hawakukosea: vita vya panzi ni furaha ya kunguru.