Bakhita, mtoto aliyesahau jina lake

Februari 8 ikifika, na umekabidhiwa watoto wa PMC pale Lodwar au Kakuma uwaeleze ni siku ya nani, usianze na Roma. Anza na majina. Kakuma hukosi mtoto wa Kikongo anayeitwa Bahati. Mwambie ana wajina wake mbinguni, manake Bakhita ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati, na bahati yetu ya Kiswahili ilitoka huko huko. Kisha waambie jina hilo alipewa na nani. Hapo hata wale watundu watanyamaza.

Alizaliwa mnamo 1869 huko Darfur, Sudan, kijiji cha Olgossa. Kwao hawakuwa maskini. Dadake mkubwa alikuwa ameshatekwa na wafanyabiashara wa watumwa, na bado yeye alinaswa kwa hila ndogo tu: alikuwa shambani na rafiki yake, wanaume wawili wakatokea, wakamwambia rafiki atangulie, naye wakamtuma aende akawachukulie mzigo msituni. Mtoto wa Kiafrika akitumwa na mkubwa huenda. Akaenda. Walipomuuliza jina, hofu ilikuwa imemkaba hata asiweze kulitamka, basi wakamwita Bakhita. Eti mwenye bahati! Jina alilopewa na mamake lilimtoka kichwani, halikurudi hadi alipokufa.

Siku moja alitoroka na msichana mwenzake. Usiku mnyama mkali akawajia, wakapanda mti. Kesho yake wakakutana na mtu aliyejifanya mwema, kumbe aliwafungia zizini pamoja na kondoo, kisha akawauza. Mtoto wa Turkana anajua zizi, hapa huhitaji picha.

Aliuzwa na kuuzwa tena. Akiwa nyumbani kwa jenerali mmoja wa Kituruki alichanjwa mwili kwa wembe, alama 114, zikatiwa chumvi zisifutike. Kwa watoto wa miaka sita, sehemu hii iruke. Sema tu aliumizwa sana. Kakuma kuna watoto waliofika wakiwa na alama zao, na si kazi yako kuwakumbusha mbele ya wenzao.

Mwaka wa 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, afisa wa ubalozi mdogo wa Italia. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuishi kwa bwana asiyetumia kiboko. Vita vya Mahdi vilipokaribia, Legnani alirudi kwao, Bakhita akamsihi amchukue. Kufika Italia akapewa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao, Mimmina.

Mwishoni mwa 1888 mama Michieli alikuwa na shughuli zake Suakin, pwani ya Sudan, akawaacha Bakhita na Mimmina kwa masista Wakanosa mjini Venezia. Huko ndiko Bakhita alikofundishwa habari za Mungu. Mama aliporudi kumchukua, yule msichana aliyezoea kutumwa alikataa. Alikataa kabisa! Kesi ikafika mahakamani, na Novemba 29, 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo Bakhita ni mtu huru. Kwangu mimi hii ndiyo sikukuu yenyewe. Ubatizo wake wa Januari 9, 1890, alipopewa jina la Josephine, ulikuja kwa sababu alikuwa amesema hapana kwa mkubwa wake. Ukiwa na dakika kumi tu na watoto, wape hii, pamoja na ile ya mzigo msituni, ili mgeni akiwatuma mbali na wenzao wajue wanaweza kukataa. Tangu 2015 Kanisa Katoliki huadhimisha Februari 8 kuwa siku ya kuombea waathiriwa wa biashara ya binadamu.

Aliweka nadhiri za utawa 1896. Kuanzia 1902 aliishi Schio, akapika, akatarizi, akakaa mlangoni akipokea wageni na kuwapapasa vichwa watoto waliokuja shuleni. Alipenda kueleza kwamba angekutana na waliomteka angewapigia magoti na kuwabusu mikono, manake bila wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Mimi hapa ningekwenda polepole. Hayo aliyasema mtu mzima aliyekwisha kuwa huru, kwa hiari yake. Usimwambie mtoto aliyekimbia vita jana kwamba naye anatakiwa kushukuru.

Hata yeye hayakumtoka yote. Akiwa mahututi alimwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Alikufa Februari 8, 1947.

Alitangazwa mwenye heri Mei 1992, mwaka ule ule kambi ya Kakuma ilipoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wavulana waliokuwa wametembea kwa miguu bila wazazi. Oktoba 1, 2000 akatangazwa mtakatifu. Jina lililosomwa Roma siku hiyo lilikuwa na lile la ubatizo, na lile alilopewa na wezi. La mamake hakuna aliyelijua.