Cowboy: MC aliyeipa hip-hop jina, akafariki akiwa na miaka 28

Keith Wiggins, aliyejulikana kwa jina la Cowboy, alifariki tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka wa 1989. Zilibaki siku 12 tu atimize miaka 29. Hakuacha albamu yake mwenyewe. Lakini neno ambalo wengi wanasema lilianzia mdomoni mwake linatamkwa leo duniani kote, hadi kwa vijana wanaorap kwa Kiswahili huko Goma na Bukavu. Neno hilo ni hip-hop.

Cowboy alizaliwa tarehe 20 mwezi wa tisa mwaka wa 1960 na alikulia Bronx, moja kati ya sehemu maskini za muji wa New York, Marekani. Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za Bronx ziliteketea kwa moto au ziliachwa tupu, na kazi kwa vijana ilikuwa shida. Hapo ndipo DJ Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika, alifanya ile sherehe ya tarehe 11 mwezi wa nane mwaka wa 1973 ambayo inahesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop. Vijana wengine walimfuata. Walipeleka vyombo vyao kwenye viwanja vya mtaa, na mara nyingine umeme waliuchukua kwenye nguzo za taa za barabarani.

Mmoja wao alikuwa Joseph Saddler, yaani Grandmaster Flash. Flash alitumia diski mbili zinazofanana ili kurudia bila kukatika ile sehemu ya wimbo ambamo ngoma inabaki peke yake. Ufundi huo ulimletea tatizo ambalo hakulitazamia: watu waliacha kucheza, wakasimama kumtazama mikono. Alihitaji mtu wa kuwachangamsha. Aliweka mikro kwa yeyote aliyetaka kujaribu, na aliyeiweza ni Cowboy.

Wapenzi wa muziki wa Congo wanaijua kazi ya atalaku, yule anayepaza sauti gitaa zinapopamba moto ili watu wasikae kwenye viti. Kazi ya Cowboy ilikaribia hiyo. Aliwaambia watu wainue mikono juu na kuipepesha, aliwauliza wakamjibu kwa sauti moja, aliwatania waliokuwa mbele. Miito hiyo imekuwa desturi ya matamasha ya rap hadi leo, na wengi wanaoipaza hawajui ilitoka kwa nani.

Nyuma yake waliingia ndugu wawili, Melle Mel na Kidd Creole, kisha Scorpio na Rahiem. Hao watano wakaitwa Furious Five, na Flash akiwa DJ wao. Melle Mel alikuwa fundi wa kutunga mistari mirefu. Nguvu ya Cowboy ilikuwa sauti yake nzito na namna alivyoushika umati.

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1978 rafiki yao mmoja alikuwa ameingia jeshini. Cowboy alichukua mikro na kumtania, akiiga mwendo wa askari wanaopiga gwaride: hip, hop, hip, hop. Utani huo akauingiza katika maonyesho yake, na MC wengine wakauiga. Wapenzi wa disko walianza kuwaita vijana hao kwa neno hilo kwa dharau. Kuna wanaosema pia kwamba Lovebug Starski alichangia kulieneza. Mwaka wa 1979, kikundi cha Sugarhill Gang kilitoa "Rapper's Delight", wimbo unaoanza na neno hilo, nao ukavuka mipaka ya Marekani.

Mwaka huo huo Furious Five walirekodi "Superrappin'" kwa kampuni ya Enjoy, kisha wakahamia Sugar Hill. Wimbo wao mkubwa, "The Message", ulitoka mwaka wa 1982 ukieleza maisha magumu ya mtaani. Lakini wanaorap ndani yake ni wawili tu: Melle Mel na Duke Bootee, ambaye hakuwa mwanakikundi. Cowboy na wenzake wanasikika mwishoni tu, katika mchezo mfupi wa vijana wanaokamatwa na polisi. Studio ilitaka mistari, na kipaji cha Cowboy kilihitaji watu mbele yake.

Mwaka wa 1983, Flash aliishtaki kampuni hiyo kwa sababu ya pesa na jina, na kikundi kikagawanyika. Kidd Creole na Rahiem walimfuata Flash. Cowboy na Scorpio walibaki na Melle Mel. Mwaka huo Melle Mel alitoa "White Lines", wimbo wa kuwaonya watu kuhusu kokaini. Miaka iliyofuata, kokaini ya kuvuta inayoitwa krak ilienea New York, na Cowboy alikuwa mmoja wa wengi walionaswa nayo.

Kikundi kiliungana tena mwaka wa 1987 kwa tamasha la msaada katika ukumbi wa Madison Square Garden. Mwaka uliofuata walitoa albamu "On the Strength", lakini haikupata wanunuzi wengi, kwani vijana wapya kama Run-DMC walikuwa wamekwisha kuchukua nafasi. Mwaka mmoja baadaye Cowboy akafariki.

Tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka wa 2007, Grandmaster Flash and the Furious Five walikuwa kikundi cha kwanza cha hip-hop kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki lililoko Marekani. Jina la Cowboy liliandikwa pamoja na ya wenzake watano. Kati ya wote sita, ni yeye peke yake aliyekuwa amekwisha kufariki.