Mchezaji Sinema Aliyeongoza Serikali: Tumkumbuke Mzee Kawawa

Jioni yo yote mtu akipita Igoma baada ya sala ya Magharibi, atawakuta vijana wamejazana katika mabanda ya video, wakitazama picha za kigeni huku mfasiri akiwaelezea kwa Kiswahili yale yanayotendeka. Vijana hao wanawajua wachezaji wa sinema wa Marekani, wa India na wa China kuliko wanavyowajua majirani zao. Hata Charlie Chaplin, aliyepata sifa duniani katika sinema zisizokuwa na sauti tangu mwaka 1914, wapo wanaomtambua kwa kofia yake na mkongojo wake. Lakini tukiwauliza ni Mtanzania gani aliyekuwa mchezaji mkuu katika sinema za mwanzo za Kiswahili, wengi hunyamaza. Tukiwaambia kwamba mtu huyo baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, hudhani tunawatania.

Hatuwalaumu vijana. Asiyeambiwa hawezi kujua. Leo tumeona ni wajibu wetu kueleza maisha ya Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, ili vijana wa Igoma, ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya ziwa, pamoja na watumishi wa Serikali wanaosoma safu hii, wapate kumfahamu kwa upande ambao haukuzoeleka kusemwa.

Kwanza yafaa tukumbushane jinsi sinema ilivyoletwa vijijini mwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walianzisha jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, wakaweka makao yao Vugiri katika milima ya Usambara. Fedha nyingi za jaribio hilo zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, nazo zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yetu. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalipigwa kwa sahani za santuri, au mtu alishika kipaza sauti akawaeleza watazamaji kwa lugha yao. Kwa hiyo mfasiri wa banda la video la Igoma asijione kuwa amebuni jambo geni. Babu yake katika kazi alisimama kando ya kitambaa cheupe zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Sinema hizo hazikuletwa kwa mapenzi matupu. Mkoloni alitaka mwananchi alime mazao anayoyataka yeye, alipe kodi, aweke akiba Posta, wala asiulize nani anaitawala nchi. Hata hivyo, chombo ni chombo. Kisu kilichonolewa na jirani hukata pia nyama ya mwenye nyumba.

Rashidi Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, wilaya ya Songea, mtoto wa kwanza wa Mzee Mfaume, aliyekuwa mwindaji wa tembo. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na hatimaye katika shule ya Serikali ya Tabora, ambako vijana wengi waliokuja kuongoza nchi walipitia. Alipomaliza masomo, njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi mbele yake. Hakuifuata. Alichagua kufanya kazi ili wadogo zake wapate karo na chakula. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu litajirudia katika maisha yake yote: kila mara alipotakiwa kuchagua baina ya kupanda yeye na kuwabeba wengine, alichagua mzigo.

Alianza kazi kama karani katika Idara ya Ujenzi, kisha akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Huko kazi yake iliambatana na magari ya sinema na elimu ya watu wazima. Gari lilifika kijijini, kitambaa cheupe kikatundikwa, mashine ikawashwa giza likiingia, na watu wakaja kutoka mbali, wazee kwa watoto. Ofisa aliyekuwa na gari hilo alipaswa kujua kusema na mkulima asiyejua kusoma, kujibu maswali yake na kuvumilia kicheko chake. Hiyo ilikuwa shule ambayo hata Makerere haikuwa nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya sinema ya Afrika ya Kusini kutengeneza hadithi za Kiswahili, zikichezwa na Waafrika wa Tanganyika. Ndugu Kawawa ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji mkuu. Sinema yake iliyovuma zaidi ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, inayohusu mtu wa shamba anayekwenda mjini na fedha zake na kukutana na ulaghai wa mji. Miongoni mwa nyingine ni Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Watu walicheka, walisikitika, wakalikariri jina lake. Mwananchi wa Tanganyika alimwona mtu wa rangi yake, anayesema lugha yake, akiwa katikati ya picha, wala si mpagazi anayepita nyuma ya mwindaji wa Kizungu.

Hapa ndipo mkoloni alipokosea hesabu. Alitaka sinema imwonye Mwafrika abaki shambani na kuuogopa mji. Badala yake alimtangaza kijana mmoja kwa fedha za serikali mpaka akajulikana nchini kabla hajasimama katika jukwaa la siasa. Chama kilipokuja kumhitaji, sura yake ilikuwa imekwisha tangulia.

Sinema hazikumlevya. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, Tabora, kushughulikia Wakikuyu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuwatazama kila siku watu waliofungwa kwa kudai ardhi yao si jambo dogo kwa kijana mwenye akili. Mwaka huo huo serikali ilikataza watumishi wake kujiunga na siasa. Mlango huo ulipofungwa, Ndugu Kawawa alipitia mwingine. Akashika uongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, yeye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali, mshahara wake na pensheni yake, akaingia katika harakati kwa miguu yote miwili.

Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa wanajua miaka ile ilikuwaje. TANU ilipigwa marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958, na wananchi wakaendesha mapambano kwa kupitia vyama vya ushirika vya pamba. Huko ushirika ulikuwa mkulima na pamba yake. Huku shirikisho lilikuwa kuli wa bandarini na karani wa ofisini. Mito hiyo miwili ilikutana katika TANU, nayo ikaleta Uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama vijijini. Aliyekabidhiwa serikali ni Rashidi Kawawa, akiwa bado kijana. Wamarekani walimchagua mchezaji sinema Ronald Reagan kuwa Rais wao, naye akaapishwa mwaka 1981, ulimwengu ukashangaa. Sisi tulikuwa tumekwisha fanya hivyo miaka 19 kabla yao, wala hatukushangaa.

Jambo kubwa zaidi lilifuata. Mwezi Desemba mwaka huo huo nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akarudi kuwa Rais, na Kawawa akaondoka katika kiti cha kwanza akakaa katika kiti cha pili. Hakuandaa kundi. Hakununa. Katika Afrika ya miaka ile, watu waliopewa dola kuishika kwa muda na kuirudisha ikiwa nzima walikuwa wachache mno. Dini zetu zote zinatufundisha kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Mzee Kawawa aliirudisha amana iliyo kubwa kuliko zote.

Baada ya hapo alikuwa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa mwaka 1964 Makamu wa Pili wa Rais. Mwaka 1972 akawa tena Waziri Mkuu, hadi 1977. Wananchi wakamwita Simba wa Vita, jina linaloeleza namna alivyoshika kazi: akitumwa, alikwenda, na jambo likafanyika.

Tukisema ukweli nusu tutakuwa hatumheshimu marehemu. Katika uongozi wake wa mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani, pamoja na sheria zilizobana migomo. Mwaka 1964 shirikisho la wafanyakazi alilolilea mwenyewe lilivunjwa, ikaundwa NUTA. Alipokuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu. Palipokuwa na subira, zilipatikana shule, visima na zahanati. Palipokuwa na pupa, watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Halmashauri za wilaya ziliondolewa mwaka 1972, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, hapa Mwanza pia, mahali palipozaliwa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Mambo hayo hayakuwa ya mtu mmoja, yalikuwa maamuzi ya uongozi wote. Lakini mtekelezaji hodari hubeba sehemu yake ya lawama kama anavyobeba sehemu yake ya sifa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri na ushirika, na huko ni kukiri kwamba kosa lilifanyika.

Wakati wa vita, ziwa hili lilimwona kwa upande mwingine. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, Mzee Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitupa mabomu Mwanza, yakakosa shabaha na kuangukia hifadhi ya Saanane, yakaua swala. Wazee wa Mwanza wanaukumbuka mshindo ule. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili mwaka huo. Tangu mwaka 1982 hadi 1990 Mzee Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi, na baadaye akastaafu, akaishi kwa utulivu. Alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009 katika hospitali ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa tuseme na watumishi wa Serikali. Ofisa wa gari la sinema hakuwa na la kufanya ila kwenda waliko watu. Alilala kijijini, alisikia malalamiko usiku watu wakitawanyika, na asubuhi alijua kilichowakera. Leo kuna ndugu zetu visiwani ambao humwona ofisa siku ya mbio za Mwenge na siku ya uchaguzi, basi. Taarifa zinapelekwa kwa simu, majibu yanakuja kwa simu, na mvuvi wa Ukara anabaki kusubiri kivuko na kusubiri daktari. Anayetaka kumuenzi Mzee Kawawa asitosheke na kuita barabara kwa jina lake. Apande mtumbwi, avuke, akae na watu mpaka giza liingie.

Tuna ombi la pili. Maofisa wa utamaduni wa mkoa wetu wazitafute sinema zile kokote zilikohifadhiwa, na nakala zake ziletwe zionyeshwe bure Igoma, Nansio na katika mialo ya visiwani, kwenye kitambaa cheupe kama zamani. Wazee watacheka tena. Vijana watamwona mtu mmoja akicheza mshamba aliyedanganywa mjini, nao tutawaambia kwamba mshamba yule ndiye aliyepewa nchi nzima aishike, akaishika, akairudisha.