Yohana Owalo: Mjaluo aliyeitafuta imani hadi Mombasa

Msafiri afikaye Muhuru Bay, karibu na mpaka wa Tanganyika ya zamani, hukuta ziwa, ngalawa za wavuvi na madhehebu mengi. Wako Wasabato, ambao wamisheni wao walitua Gendia mwaka 1906. Wako Legio Maria, na wako watu wa Roho na joho zao. Sisi wa pwani tukiyaona hayo huuliza: kulikoni Nyanza ikazaa makanisa mengi hivi? Jawabu moja limo katika maisha ya Yohana Owalo, mtu ambaye Mombasa yetu ina sehemu katika kisa chake.

Owalo alikuwa Mjaluo, kijana wa zama zile reli ilipofika ziwani mwaka 1901 na wamisheni wakaifuata nyuma. Kila kundi lilikuja na kitabu chake na shule yake, na kila moja likidai kuwa njia ya haki ni yake peke yake. Kijana mwenye kiu ya elimu hakuwa na budi kubisha hodi kwenye mlango mmojawapo. Owalo alianzia kwa Wakatoliki, na huko ndiko alikoitwa Yohana.

Lakini moyo wake haukutulia. Aliwahama Wakatoliki akenda kwa Waskochi wa Kikuyu, Waprotestanti walioshika Biblia kwa nguvu. Yasimuliwa pia kwamba alifika Mombasa, akasoma kwa Waislamu, akasilimu na kutahiriwa. Hilo si jambo dogo, kwani desturi ya Wajaluo ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, si tohara. Hapa mjini alisikia neno ambalo halikumtoka tena: kwamba Mungu ni mmoja tu, hana mshirika.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Owalo alirejea kwao, akawa mwalimu Maseno, kituo alichokianzisha Padri J. J. Willis wa Kanisa la Kiingereza mwaka 1906. Huko ndiko mambo yalikoharibika. Mwalimu alianza kufundisha kwamba Utatu haumwingii akilini, na kwamba Isa hawezi kuwa Mungu. Wafuasi wake husimulia kwamba mwaka 1907 Malaika Jibrili alimchukua usiku hadi mbinguni akaonyeshwa mambo, na kwamba alichokifundisha alikuwa amepewa.

Tufikirie, ndugu msomaji, uzito wa jambo hilo. Ualimu wa misheni ulikuwa mkate wake na heshima yake. Angenyamaza, angebaki na vyote viwili. Hakunyamaza. Ikabidi aitwe mbele ya wamisheni na wazee ajieleze. Mwishowe John Ainsworth, Mkuu wa Jimbo la Nyanza, aliona kwamba mtu huyu si mwendawazimu wala mchochezi, akamruhusu kuanzisha misheni yake mwenyewe.

Akaiita Nomiya, yaani kwa Kijaluo "nimepewa". Mara nyingi huhesabiwa kuwa ndilo kanisa la kwanza katika Kenya lililojitenga na Wazungu. Owalo hakubomoa tu, alijenga. Alifungua shule, akataka watoto wasome pasipo kuwa chini ya wamisheni. Biblia aliibakiza, na watoto wa kiume wakawa wakitahiriwa siku ya nane.

La kustaajabisha ni hili. Mwaka 1913 wamisheni wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta umoja, na Willis, ambaye sasa alikuwa Askofu wa Uganda, alikuwa mbele katika shauri hilo. Punde si punde Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashitaki Willis na mwenziwe wa Mombasa kuwa wamepotoka katika imani. Waama, yule aliyekuwa na mwalimu mzushi mikononi mwake, naye aliitwa mzushi!

Owalo alifariki mwaka 1920. Kanisa lake liligawanyika baadaye, lakini halikufa, na wafuasi wake humwita nabii. Hapo sisi hatuwezi kufuatana nao, kwani Mtume wetu ndiye wa mwisho. Wala hatuwezi kumdai kuwa wetu: alifika mlangoni petu, akachukua alichokiamini, akaenda zake.

Hata hivyo, tumpe haki yake. Wengi hubadili dini kwa kufuata shule, kazi au mke. Huyu aliiacha kazi kwa kuwa ulimi wake ulikataa kusema ambalo moyo haukulisadiki. Na sisi tuliorithi imani kwa baba zetu, tukaisoma chuoni tungali wadogo, ni vyema tujiulize: lau tungetakiwa kuilipia kwa mkate wetu, tungalilipa?