Thomas Edison na Taa ya Nyumbani

Jina la Thomas Edison tunalijua wengi, lakini ni wachache wanaojua jinsi hesabu ya gharama ilivyomsaidia katika kazi yake. Hayo ndiyo nitakayo kuyaeleza.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 huko Milan, katika jimbo la Ohio, Marekani. Shuleni alikaa muda mfupi tu. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Alipokuwa kijana mdogo aliuza magazeti katika gari la moshi. Masikio yake yalikuwa mazito, lakini hakuacha kujifunza. Akawa fundi wa telegrafu, na mwaka 1876 akafungua karakana yake Menlo Park.

Wakati ule wengine pia, kama Joseph Swan wa Uingereza, walikuwa wakitengeneza taa za umeme. Edison hakuiangalia taa peke yake, bali mtaa mzima. Aliona kwamba taa inayotaka mkondo mkubwa huhitaji nyaya nene, na shaba ni ghali. Basi akatafuta uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa, ili mkondo mdogo utoshe. Oktoba 1879 uzi wake wa mkaa uliwaka zaidi ya saa 13. Tarehe 4 Septemba 1882 mtambo wake wa Pearl Street, New York, uliwasha taa kama 400. Baadaye umeme wa kila nyumba ulijulikana kwa kupima uzito wa vibamba vya zinki, na mwenye nyumba akalipa kadiri alivyotumia.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na umri wa miaka 84. Taa yake ilibaki na kasoro moja: karibu nguvu yake yote hugeuka joto. Taa ya LED haina uzi wa kuchomwa; mwanga hutoka katika chembe ndogo ya semikonda. Wajapani waliofanikiwa kupata LED ya buluu, iliyowezesha mwanga mweupe, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Sisi tunaokaa Rubavu, karibu na mpaka wa Grande Barrière, hununua umeme kabla ya kuutumia. Uniti zikiisha, giza. Kwetu tuna taa 4, nazo huwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku. Nimepiga hesabu: zingekuwa za wati 60 za namna ya Edison, zingekula uniti 36 kwa siku 30. Za LED za wati 9, zenye mwanga karibu sawa, hula uniti 5.4 tu. Tofauti hiyo ndiyo humwezesha mwanafunzi kusoma mpaka mwisho wa mwezi badala ya kulala mapema wakati wa mitihani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkienda dukani someni namba mbili juu ya boksi: lumeni ndiyo mwanga mnaoupata, wati ndiyo mnayoilipia. Edison alijua kwamba taa njema ni ile ambayo mwenye nyumba anaweza kuilipia.