John Huston na majeraha yasiyotoka damu

Wengi wetu tunamjua John Huston kwa The African Queen, filamu aliyokuja kuipiga Uganda na Kongo mwaka 1951. Kazi yake nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni nyengine, na jeshi la nchi yake liliificha zaidi ya miaka 30.

Alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1906, baba yake Walter akiwa mwigizaji. Vita vya Pili vilimkuta ana jina Hollywood. Akaingia jeshini, akapewa kazi ya kupiga filamu.

Mwaka 1945 alitumwa hospitali ya Mason, kule Long Island, New York, walikolazwa wanajeshi waliorudi na viungo vizima lakini nafsi zimevunjika. Hakutumia waigizaji. Mmoja hawezi kutembea, na miguu haina jeraha. Mwengine ulimi umefunga. Mwengine, mtu mweusi, anaangua kilio akikumbuka kwao. Weusi na weupe wanatibiwa pamoja, nyakati ambazo jeshi lilikuwa likiwatenga. Msimulizi ni yule baba yake. Mwisho wake ni wa haraka mno, wagonjwa wanatoka wakicheka kana kwamba wiki chache zatosha.

Filamu hiyo, Let There Be Light, ilipokaribia kuonyeshwa 1946, jeshi likaitwaa kwa hoja ya kulinda siri za wagonjwa. Huston hakuikubali hoja hiyo. Aliamini wakubwa walitaka watu waendelee kudhani kwamba shujaa hurudi kifua mbele.

Na wetu je? Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka hapa Kilindini kwenda Colombo, imebeba mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaizamisha. Walikufa watu karibu 1,300. Kuna waliokuwa wakiogelea, wakauliwa na mabomu ya manowari za Waingereza wenyewe zilizokuwa zikiisaka nyambizi ile. Wenzao wengine walipigana Burma. Aliyerudi hakukuta Mason wala kamera. Akipiga kelele usiku, huambiwa ana shetani, akanyweshwa kombe, mambo yakaishia hapo.

Filamu ya Huston iliachiwa Desemba 1980, naye akafa Agosti 1987. Ni ya dakika 58, na leo yeyote aweza kuitazama kwenye simu. Habari za wazee wetu wa Burma wamebaki nazo watoto wao, huku Kibokoni na Majengo, nao sasa ni wazee.