Tingatinga: Jamaa Aliyechora kwa Miaka Minne Tu

Ukivuka feri pale Likoni ukaenda zako Diani, utazikuta kwa wauza vinyago: twiga wa shingo ndefu kupita kiasi, chui mwenye madoa kama peremende, ndege wa rangi ambazo hujawahi kuona angani. Wauzaji wanaziita tingatinga. Sio trekta, na wala sio siasa. Tingatinga alikuwa mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Shule hakufika mbali. Alitoka kwao akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam kusaka vibarua, hata bustani ya mzungu aliitunza. Hasla kama hasla zingine.

Mwaka 1968 ndio akaanza kuchora, na hapa ndipo jamaa ananimaliza. Sanaa hakuisomea popote, na badala ya turubai alitumia bodi za dari alizokata mraba, kama sentimita 60 kila upande. Rangi? Ile ya kupaka baiskeli, inayong'aa ikikauka. Mara nyingi ni mnyama mmoja tu katikati, nyuma rangi moja, basi. Kundi la tembo mbele ya Kilimanjaro ni mambo ya waliokuja baadaye.

Mkewe, Agatha, aliziuza Morogoro Stores kule Oyster Bay, mtaa wa wazungu. Hata hivyo, Edward bado alichukua kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili. Wateja walipozidi aliita vijana wa ukoo awafundishe, akiwemo Simon Mpata, ambaye baadaye alihamia Nairobi. Ile hoteli ya Mpata Safari Club kule Mara ilipewa jina lake.

Halafu 1972, polisi wa Dar wakampiga risasi wakidhani ni mwizi anayetoroka kwa gari. Akafa akiwa na miaka 40 hivi. Kijana wa Kisauni hahitaji kuelezewa stori ya aina hiyo.

Wanafunzi wake waliendelea na mtindo ule ule, na jina likawa la biashara. Leo wanyama wake wamechapishwa kwenye fulana na vikombe, na zipo picha zenye sahihi yake ambazo hakuzigusa kamwe. Warithi wa mtindo wake walisajili chama chao cha ushirika 1990. Bado wanachora Oyster Bay, pale pale Agatha alipokuwa akiuza.